Masasi Katika Madaftari Yake

Dayosisi ya Anglikana ya Masasi iliundwa mwaka 1926, ilipotengwa kutoka Dayosisi ya Zanzibar na kupewa askofu wake wa kwanza, William Vincent Lucas. Karatasi zake, hata hivyo, zilianza kuandikwa nusu karne nzima kabla ya hapo, na hazikuandikwa wala kuhifadhiwa mahali pamoja. Fungu kubwa liko Oxford, Uingereza, katika maktaba ya Bodleian, ambako zilifikia kumbukumbu za ile Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA kwa jina tulilolizoea, baada ya shirika hilo kuungana na SPG, shirika jingine la misheni la Kianglikana, mwaka 1965 na kuwa USPG. Fungu la pili liko Zanzibar, katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Fungu la tatu limebaki kusini kwenyewe, katika makabati ya makanisa na masanduku ya nyumbani, nalo ni madaftari ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya mazishi, vitabu vya matukio ya kila siku vya misheni, barua za walimu wa dini, na risiti za zaka ambazo hakuna aliyewahi kufikiri kwamba zingesomwa tena.

Nimetumia miaka kadhaa ya likizo zangu kuyasoma mafungu haya kwa kadiri yalivyonifikia, mengine kwa kuyashika mkononi, mengine kwa nakala, mengine kupitia kazi za wanahistoria waliotangulia. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa dini katika sehemu hizo, na nilianza kwa kumtafuta yeye tu. Nilichokuja kukiamini ni kwamba historia ya dayosisi hii, kama inavyosimuliwa katika vijitabu vya maadhimisho na katika hotuba za jubilei, imeegemea mno fungu la kwanza, lile la Oxford, na kwa sababu hiyo imewapa wachache sifa ya kazi iliyofanywa na wengi. Fungu la tatu, ambalo ndilo linaloliwa na mchwa, linawarudisha hao wengi mahali pao.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini karatasi za Oxford ziko jinsi zilivyo. UMCA ilizaliwa na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwezi Desemba 1857. Jaribio lake la kwanza, chini ya Askofu Charles Mackenzie, lilifanyika Magomero katika nyanda za juu za Shire, nchi ambayo leo ni Malawi, mwaka 1861, nalo likavunjika baada ya Mackenzie kufariki kwa homa Januari 1862. Askofu Tozer akaihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864. Shirika hili halikuwa na serikali nyuma yake wala mali ya kudumu. Liliishi kwa sadaka za parokia za Uingereza, na sadaka hizo zilipatikana kwa kuandika. Kuanzia mwaka 1883 lilikuwa na gazeti lake la kila mwezi, Central Africa, na barua nyingi zilizotoka bara zilisafiri kwenda London zikiwa zimeshajua kwamba huenda zitachapwa humo. Msomaji wa barua hizo ataona haraka umbo linalojirudia: kuna hatari, kuna Mwingereza mwenye homa anayevumilia, kuna kijana Mwafrika mmoja mwaminifu ambaye mara nyingi anatajwa kwa jina lake la ubatizo peke yake, na mwishoni kuna haja ya fedha. Sisemi kwamba waandishi hao walidanganya. Walikuwa wakimwandikia mtu fulani, kwa kusudi fulani, na yasiyohusiana na kusudi hilo hayakuingia katika barua.

Mwaka 1876 ndio mwanzo wa Masasi ya Kikristo, nao unaonyesha vizuri jambo hili. Edward Steere, askofu aliyekuwa na kipaji cha lugha kuliko wenzake wote, aliongoza msafara kutoka Zanzibar kupitia Lindi akiwa na William Percival Johnson na wanaume na wanawake hamsini na kitu waliokuwa wamekombolewa utumwani. Kiongozi wa wapagazi alikuwa James Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani miaka michache tu iliyotangulia. Steere alitamani kufika mbali zaidi, kuelekea Unyao na Ziwa Nyasa, lakini msafara ukatua Masasi, chini ya vilima vya mawe ambavyo hadi leo vinaonekana kutoka mbali, penye ardhi nzuri na maji. Katika masimulizi ya kawaida, sentensi inayofuata husema kwamba Steere alianzisha Masasi. Ni kweli kwa maana moja. Lakini Steere hakukaa; alirudi Zanzibar. Waliokaa, wakafyeka, wakajenga, wakapanda, wakaoana na wenyeji na kuzikwa hapo ni wale hamsini na kitu. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa waliouzwa wakiwa watoto, wakapelekwa Unguja, wakapokonywa majahazini na manowari za Kiingereza au kukabidhiwa misheni, wakafundishwa Kiunguja, kisha wakarudishwa katika nchi ambayo wengine waliikumbuka na wengine hawakuikumbuka hata kidogo. Kwa maoni yangu hao ndio waasisi, na dayosisi ingefaa kuwaita hivyo bila kusitasita.

Katika karatasi za ng'ambo watu hawa huonekana kama kundi, na majina yao ni machache. Katika madaftari ya ndoa na ya ubatizo wanaonekana mmoja mmoja, kwa sababu daftari la ubatizo halina namna ya kuandika kundi. Kila mstari ni mtu.

Chauncy Maples aliwasili mwaka 1877, akaishi Masasi na baadaye Newala, akaandika sana na kwa uzuri. Pamoja na Steere alituachia pia kitu ambacho mara nyingi tunakisahau tunapozungumzia nyaraka, yaani mikusanyo ya lugha: Steere alichapisha mkusanyo wa Kiyao mwaka 1871 na wa Kimakonde mwaka 1876, na Maples akafuata na wa Kimakua mwaka 1879. Ukisoma mikusanyo hiyo kama nyaraka za historia badala ya vitabu vya sarufi, utasikia nyuma yake sauti za watu waliokaa wakijibu maswali siku baada ya siku, watu ambao hawakutajwa katika ukurasa wa jina la kitabu.

Katika miaka hiyo ya mwanzo kijiji cha Masasi kilikuwa pia na tatizo ambalo vijitabu vya jubilei hulipita kimya. Hapakuwa na dola iliyofika pale. Wamisionari walijikuta wakigawa ardhi, wakiamua kesi na kutoa adhabu, kazi ambazo hawakuzijia na ambazo baadhi yao ziliwaelemea dhamiri. Maswali kuhusu jambo hili yalifika hadi Uingereza, na karatasi zake ni miongoni mwa zile zinazostahili kusomwa kwa utulivu mkubwa, kwa sababu humo unaona kanisa likijaribu kuamua kama ni kanisa au ni serikali.

Kisha likaja shambulio la Septemba 1882. Wangoni, ambao wenyeji wa huko na wamisionari wenyewe waliwaita Magwangwara, waliiteka Masasi, wakaua, wakachoma, wakachukua mateka. Shughuli za misheni zikahamia Newala, kwa Matola, mzee wa Kiyao aliyekuwa ameshajenga urafiki na wamisionari, na miaka ikapita kabla Masasi haijasimama tena. Padre Porter alisafiri kwenda nchi ya Wangoni kujaribu kuwakomboa waliotekwa, na safari yake imesimuliwa mara nyingi kwa haki kabisa. Lakini nilipokuwa nikisoma habari hizo jambo moja lilinisumbua, nalo ni hesabu ya maisha ya mtu aliyetekwa siku ile. Kama alikuwa mmoja wa wale wa 1876, basi alikuwa ameuzwa mara ya kwanza akiwa mtoto, akakombolewa, akabatizwa, akapewa jina jipya na shamba, na sasa anatekwa mara ya pili akiwa mtu mzima, pengine akiwa na mtoto mgongoni. Hakuna barua ya Maples, hata iwe na huruma kiasi gani, inayoweza kusema alichokiona mtu huyo. Unachoweza kufanya ni kumfuata katika madaftari, kuona kama jina lake linatokea tena baada ya 1882, kama mdhamini wa ubatizo, kama mke wa fulani, kama marehemu. Na kama halitokei, hilo nalo ni la kuandikwa.

Mtu ambaye karatasi zinamtendea haki kuliko hao ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani, shule ya misheni huko Unguja, akapelekwa Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury, akapewa ushemasi mwaka 1886 na upadre mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Kabla yake John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano ambao Sultani wa Zanzibar alimkabidhi Tozer mwaka 1864, alikuwa amepewa ushemasi mwaka 1879. Majaliwa alipelekwa Chitangali, kwa Nakaam, mkuu wa Kiyao, na kwa miaka takriban kumi aliongoza kazi pale akiwa na mkewe Lucy, aliyekuwa amelelewa katika shule ya wasichana ya Mbweni. Barua zake zimehifadhiwa, na kwa kweli ukizisoma mfululizo unapata kitu ambacho hakipatikani katika barua za wenzake Wazungu. Hakuna homa ya kishujaa, wala mandhari ya machweo. Kuna shule, kuna wanafunzi walioacha na waliorudi, kuna jamaa wa mkuu waliotaka hiki na waliokataa kile, kuna mtu anayejua kwamba kanisa la Chitangali litasimama au kuanguka kwa jinsi anavyoelewana na wazee wa Nakaam. Nakaam mwenyewe alibatizwa kwa jina la Barnaba.

Baadaye, mwaka 1897, Majaliwa alirudishwa Unguja, na katika miaka iliyofuata hakupewa tena kazi ya ukubwa ule. Nimejaribu kusoma jambo hili kwa pande zote. Wapo waliosema ni mahitaji ya kawaida ya misheni, na wapo wanahistoria wanaoona katika uhamisho huo dalili ya kanisa lililoanza kwa kutamani mapadre Waafrika wenye mamlaka kisha, utawala wa kikoloni ulipoingia na wamisionari walipoongezeka, likapunguza mwendo. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Sikufikia hapo kwa sababu ya barua moja yenye maneno makali. Nilifikia hapo kwa kulinganisha kazi aliyoifanya peke yake kabla ya 1897 na nafasi walizopewa wengine baada yake.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna chemchemi nyingine inayofaa kuwekwa kando ya barua za Majaliwa. Mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani walianza kuchapa jarida lao kwa Kiswahili, Msimulizi, likikusanya habari kutoka vituo vyote vya misheni, vya Unguja, vya Bonde, vya Nyasa na vya Ruvuma. Walioandika walikuwa vijana wa Kiafrika na walimu waliokuwa wamehitimu, na waliandika kwa ajili ya wenzao. Nani ameoa, nani amepelekwa wapi, mvua imenyesha au haikunyesha, mpira ulichezwa, fulani amefariki na alizikwa na nani. Ni Kiswahili cha wazi, chepesi, kisichojaribu kumpendeza mtu aliye London. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua kitu kimoja tu katika hazina yote hii kichapwe upya na kuwekwa katika kila shule ya sekondari ya Masasi, Newala na Tunduru, ningechagua matoleo ya Msimulizi.

Mwaka 1905 Maji Maji iliunguza kusini. Tarehe 14 Agosti askofu Mkatoliki Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa walipokuwa safarini katika nchi ya Liwale. Vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao viliharibiwa. Na mwishoni mwa mwezi huo huo wamisionari wa Masasi walikimbilia pwani na misheni yao ikachomwa. Kwa mtafiti wa nyaraka, mwaka huu ni ukuta. Vitabu vilivyokuwa Masasi kabla ya moto huo viliponea kwa bahati tu, na mengi tunayoyajua kuhusu miaka ya 1890 yamebaki kwa sababu nakala zilikuwa zimeshapelekwa kwingine. Ndiyo sababu siwezi kuzungumza juu ya karatasi za Oxford kwa hasira, kama wengine wanavyopenda kufanya. Zisingekuwa huko, nyingine zisingekuwapo popote.

Lakini Maji Maji ya karatasi za Oxford ni simulizi ya kukimbia na kurudi. Ilivyokuwa kati ya hapo, wakati ambapo hakukuwa na Mzungu Masasi, inajulikana zaidi kwa kupitia kumbukumbu za wenyeji. Nakaam wa Chitangali na watu wake walisimama upande wa Wajerumani na kuwazuia wapiganaji wasipande uwanda wa Makonde. Wengine katika wilaya hiyo hiyo walikunywa maji ya dawa ya vita na kupigana. Na baadhi ya Wakristo walikuwa na ndugu upande huu na upande ule. Kisha ikafuata njaa iliyoua wengi kuliko risasi, kwa sababu Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala. Sehemu hii ya historia ya kanisa bado inasimuliwa kwa aibu, kana kwamba kulikuwa na jibu moja sahihi ambalo Mkristo wa Masasi wa mwaka 1905 alipaswa kulijua. Sidhani lilikuwapo. Mwanahistoria wa dayosisi anapaswa kuwaandika wote, waliokunywa maji na waliokataa, katika kitabu kimoja.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta utupu mwingine wa namna hiyo, na huu ulikuwa mrefu zaidi. Wamisionari Waingereza katika koloni la Wajerumani walikamatwa na kufungwa Tabora hadi mji huo ulipotekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Kusini, vita vilikuja kwa uzito wake wote mwaka 1917: mapigano ya Mahiwa mwezi Oktoba, kisha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma kupitia nchi ya Makonde na kuvuka Ruvuma mwishoni mwa Novemba. Katika miaka hiyo ibada, mafundisho na mazishi viliendeshwa na mapadre Waafrika na walimu wa dini. Vijitabu vya historia huipa miaka hii aya moja, pengine aya na nusu. Katika madaftari, miaka hiyo haina pengo la namna hiyo.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya ukurasa mmoja, wa daftari la ubatizo la kanisa moja la kijijini, ambalo mzee wa kanisa alinitolea kabatini akaliweka juu ya meza ya vestri baada ya kuifuta vumbi kwa kanzu ya mtumishi wa altare. Daftari ni kubwa, jalada lake lilikuwa la kitambaa ambacho sasa kimebaki kwenye kingo tu. Mistari imechorwa kwa mkono: namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba, jina la mama, kijiji, wadhamini, mbatizaji. Wino ni ule wa zamani ambao ukikaa sana hugeuka rangi ya kahawa na kuila karatasi, hata herufi zenye mikunjo mizito zimetoboka na unaweza kuona ukurasa wa chini kupitia tumbo la herufi. Majina ya ubatizo ni Petro, Agnes, Yohana, Hugo. Majina ya baba zao katika safu ya pembeni ni Issa, Saidi, Salumu, na katikati yake majina ya Kimakua na Kiyao. Kwa safu hizo mbili tu unaona kwamba Ukristo na Uislamu vilikuwa vikiingia nyumba moja katika kizazi kimoja, jambo ambalo ripoti za misheni za wakati ule huliandika kama vita baina ya dini mbili, na ambalo watu wenyewe, kwa ushahidi wa daftari, waliliishi kama mambo ya ukoo.

Pembeni mwa majina kuna maandishi madogo yaliyoongezwa baadaye kwa kalamu tofauti. Amehamia Lindi. Ametengwa. Amerudishwa. Amefariki. Mmoja ametengwa, akarudishwa, akatengwa tena. Wadhamini ni wale wale kwa kurasa nyingi: mwanamke mmoja anadhamini wasichana ukurasa baada ya ukurasa, kwa miaka mingi, na kwa jina lake na kijiji chake unaweza kuona eneo zima alilokuwa akilitembelea kwa miguu kuwafundisha wanawake waliojiandaa kwa ubatizo. Sijamwona mwanamke huyu katika ripoti yoyote. Hakuwa mtawa, hakuwa mke wa padre, hakuwa mwalimu aliyelipwa. Kwa kipimo cha kurasa zile, sehemu kubwa ya kanisa la kijiji kile ilipita mikononi mwake.

Mzee wa kanisa aliniambia kwamba daftari hilo bado lina kazi. Watu huja kuuliza tarehe za wazazi wao, wengine wakitafuta cheti cha ubatizo cha kuambatisha kwenye maombi ya kitambulisho cha taifa, wengine wakishughulikia mirathi. Karatasi za Oxford hutunzwa kwa sababu ya watafiti. Hizi zimetunzwa kwa kadiri zilivyotunzwa kwa sababu watu wanazihitaji, na katika hilo naona sababu ya kuwa na matumaini nazo.

Jambo ambalo limeipa Masasi jina katika vitabu vya wasomi ni jando la Kikristo. Lucas, aliyefika Masasi miaka ya mwanzo baada ya Maji Maji, aliona kwamba vijana wa Kikristo waliopelekwa kwenye jando la kimila walirudi na viapo na mafundisho yaliyogongana na imani yao, na waliozuiwa kwenda walibaki kuhesabiwa watoto maisha yao yote na kudharauliwa. Akaamua kulibatiza jando lenyewe: kumbi, yaani kambi ya jando, liendelee porini, vijana watengwe na kufundishwa kama zamani, nyimbo nyingi zibaki, lakini padre awepo, sala ziwepo, tohara ifanywe kwa usafi, na yale yaliyokuwa kinyume na imani yaondolewe. Aliandika juu ya jambo hili katika miaka ya 1920, na maandishi yake yakasomwa duniani kote kama mfano wa misheni inayoheshimu mila.

Mwanahistoria Terence Ranger alipolichunguza jambo hili upya katika makala yake ya mwaka 1972, alionyesha kwamba halikuwa wazo la mtu mmoja lililoshuka juu ya watu waliokaa wakilisubiri. Mapadre na walimu wa Kiafrika walibishana juu yake. Wapo walioliona kuwa ni njia ya kuokoa vijana, na wapo, hasa katika wale waliokuwa wamejitenga na mila kwa gharama kubwa, walioona kwamba askofu anarudisha dirishani kile walichokifukuza mlangoni. Miongoni mwa sauti zinazotusaidia kuelewa mabishano hayo ni ya Kanoni Kolumba Msigala, aliyeandika kumbukumbu za maisha yake akiwa mzee, na ambazo kwa bahati njema zimehifadhiwa. Kila mara ninaporudi kwenye suala la jando, naanzia kwa Msigala kabla ya Lucas. Lucas anaeleza kusudi lake. Msigala anajua ni wazee gani waliopaswa kuombwa, ni kijiji gani kilikataa, na jinsi jambo lilivyokwenda mvua zilipokwisha na ngoma zilipoanza. Unyago wa wasichana nao ulijaribiwa kubadilishwa kwa njia hiyo hiyo, lakini haukufanikiwa kwa kiwango kile, na sababu yake hainishangazi: waliokuwa wakiujua ni makungwi, na makungwi hawakuwa wakitoa siri zao kwa mapadre.

Baada ya 1926 karatasi zinaongezeka sana na ladha yake inabadilika. Zinakuwa za kiofisi zaidi, zenye mihuri, nakala na namba za majalada. Humo mna hospitali ya Lulindi, ambako daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Humo mna shirika la masista wazalendo, Chama cha Mariamu Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1946 na lenye nyumba mama Masasi. Humo mna miaka ya Trevor Huddleston, aliyekuja mwaka 1960 akiwa ameshajulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, akashuhudia uhuru akiwa Masasi, na mwaka 1968 akamwachia nafasi Hilary Chisonga, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Masasi. Ilikuwa miaka miwili kabla ya kuzaliwa kwa Jimbo la Tanzania la Kanisa Anglikana mwaka 1970, na miaka 78 baada ya upadre wa Majaliwa. Namba hizo mbili nimezisoma pamoja mara nyingi na bado zinanikera.

Shule za misheni zilipotaifishwa baada ya sheria ya elimu ya 1969, karatasi za shule ziligawanyika. Nyingine zilikwenda na majengo, nyingine zilibaki na padre, na kwa mtu anayetafuta habari za walimu wa miaka ya 1930 hadi 1960 hili ni pengo kubwa kuliko Maji Maji. Babu yangu nilimpata upande wa kanisa, katika orodha ya malipo ya walimu wa dini iliyoandikwa kwa penseli. Jina lake, kijiji chake, kiasi cha fedha ambacho hata kwa wakati ule kilikuwa kidogo mno, na alama ya sahihi yake ambayo mama yangu aliitambua mara moja nilipomwonyesha picha, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyuma ya Biblia ya nyumbani kwao.

Dayosisi inatimiza miaka mia mwaka 2026. Najua kutakuwa na kitabu cha maadhimisho, na natumaini hakitaanza na Steere akiwa peke yake barabarani. Lakini kabla ya kitabu kuna kazi ya mikono. Kila daftari la kabla ya 1960 lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada na kurasa tupu, kwa mwanga wa dirisha badala ya mwanga wa simu unaochoma wino kwenye picha. Picha ziwekwe nakala mbili, moja ofisi ya dayosisi na moja nje ya Masasi. Madaftari yenyewe yatolewe katika makabati ya mbao yanayogusa ukuta, yainuliwe kutoka sakafuni, mahali penye hewa. Wazee wa kanisa waulizwe, sasa, nani ameandikwa kwa mkono wa nani, kwa sababu miandiko hiyo haina majina na wanaoitambua wamebaki wachache. Na familia zenye barua, vyeti, hati za ualimu na picha za mahafali ya shule ya Chidya au za kipaimara waziache zinakiliwe bila kuzitoa mikononi mwao. Sanduku la chini ya kitanda limehifadhi mengi kuliko ofisi nyingi, na mwenye sanduku hapaswi kuombwa aache kulimiliki ili historia iandikwe.

Mimi nimeanza na mitaa mitatu, yaani parokia, ambayo mapadre wake wameniruhusu. Kurasa za ubatizo zimekamilika. Sasa niko kwenye ndoa, ambako wadhamini na mashahidi wanaandikwa kwa majina kamili kuliko kwingine kokote, na ambako yule mwanamke wa kurasa za ubatizo ametokea tena, akiwa shahidi upande wa bibi harusi, mwaka 1921.